Kurudi Arusha na Moshi kutoka Unguja kwa boti na gari: boti ya alasiri ya Jumapili haitufai

Mleta uzi (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila inapokaribia wikendi iliyoshikana na sikukuu, hapa Arusha na kwa jirani zetu wa Moshi huanza mazungumzo ya kwenda Unguja. Watu hupanga safari ya kwenda kwa umakini mkubwa: nani atatoa gari, nani atalala chumba gani, Jumamosi itakuwa Nungwi au Paje. Safari ya kurudi huachwa ijipange yenyewe, na matokeo yake huonekana Jumatatu asubuhi maofisini, ambako watu wazima husinzia juu ya mafaili.

Hoja yangu ni moja. Kwa mtu aliyeacha gari lake Dar es Salaam na anayetakiwa kuwa kazini Arusha Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, boti ya mwisho ya Jumapili ihesabiwe kuwa haipo. Kwenye ratiba ipo, lakini ni boti ya mkazi wa Dar es Salaam, ambaye akishuka anapanda daladala na kufika kwake Sinza kabla chakula cha usiku hakijapoa.

Hesabu yenyewe ni hii. Boti za kasi hutumia takriban saa mbili kuvuka bahari ya kilomita zipatazo 70 kati ya Unguja na Dar es Salaam. Ya kwanza huondoka Malindi, yaani bandari ya Unguja mjini, saa moja asubuhi, na ya mwisho huondoka alasiri, karibu na saa kumi. Ratiba hubadilika, kwa hiyo itazamwe kila mara kabla ya kukata tiketi. Ukipanda hiyo ya mwisho, unashuka jua likizama. Usubiri mizigo, upite kwenye ukaguzi, ulifuate gari ulikoliacha na kujikokota kwenye foleni ya jioni. Mambo yakikuendea vizuri kabisa, saa mbili usiku utakuwa Bunju au Kibaha. Mbele yako kumebaki zaidi ya kilomita 500 kufika Moshi, na karibu 600 kufika Arusha. Tena usiku huo barabara ina wengi, kwa sababu mwaka 2023 serikali iliyaruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Segera utaipita usiku wa manane, Same kabla hakujapambazuka, na Arusha utaingia na shati lenye chumvi ya pwani wakati wenzako wanapiga pasi ya kazini.

Ukipanda ya saa moja asubuhi, saa tatu umeshuka, na saa nne au nne na nusu umekwisha kutoka katikati ya jiji. Moshi utaingia kati ya saa moja na saa mbili usiku, ukiwa umesimama kula na kunyoosha miguu. Wa Arusha aongeze karibu saa mbili. Bado kuna giza mwishoni, sikatai, lakini ni giza la saa chache katika sehemu unayoifahamu, si la usiku kucha katika sehemu usiyoifahamu.

Ubaya wa boti ya asubuhi ni kwamba huwezi kuipanda kwa raha ukiwa umelala Nungwi. Kutoka huko hadi mjini ni kama kilomita 60, na abiria hutakiwa kuwa bandarini mapema kabla ya geti kufungwa. Maana yake ni kuondoka alfajiri kwa gari la kukodi, na dereva wa gari la kukodi anajua kwamba huna namna. Ndiyo maana nashauri usiku wa Jumamosi ulalwe mjini. Toka ufukweni mchana, fika Mji Mkongwe jua halijazama, kula Forodhani, tembea Darajani na Shangani, kisha asubuhi uende bandarini kwa miguu. Kuna watakaosema wamenyang'anywa jioni moja ya ufukweni. Mimi naona Mji Mkongwe ni sehemu ya Unguja inayotendewa vibaya kuliko zote na wageni wa bara, kwani wengi huupita tu wakiwa na begi mgongoni.

Kuhusu bahari, kuna jambo ambalo sisi watu wa milimani hatulifikirii. Dar es Salaam iko kusini mwa mji wa Unguja. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo boti inayorudi Dar es Salaam inakabiliana nao uso kwa uso. Mtu anaweza kwenda kwa utulivu Ijumaa, akarudi Jumapili akiwa ameshika mfuko wa kutapikia. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, na kurudi huwa kwepesi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa katika ukanda wa pwani, nazo zisomwe siku mbili kabla, kwa sababu safari huweza kuahirishwa. Safari ikiahirishwa, usianze kugombana na karani wa tiketi. Nchi hii ilipoteza watu wengi mno MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, ikafuata MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, katika njia hii hii ya Dar es Salaam na Unguja. Nahodha anayekataa kuondoka anastahili shukrani.

Tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda, katika ofisi ya kampuni au kwa mfumo wao wa mtandaoni, ikiwa na jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako. Papasi wa bandarini, yaani mlanguzi wa tiketi, atakueleza kwamba nafasi zimekwisha isipokuwa hiyo aliyo nayo yeye. Mwache aende zake. Na mchukuzi akishika begi lako, patana naye bei kabla hajainua, si baada ya kulifikisha.

Gari ni suala la pili kwa uzito. Mahali pazuri pa kuliacha ni kwa ndugu, ikiwezekana upande wa jiji utakaotokea: Tegeta au Mbezi Beach ikiwa utapita Bagamoyo, Kimara au Mbezi ikiwa utapita Chalinze. Ukiliacha kwa ndugu Mbagala, umejiongezea safari ndani ya safari. Anayeegesha karibu na bandari atafute eneo lenye uzio, mlinzi na risiti, na aulize kabisa kama Jumapili asubuhi kuna mtu wa kufungua geti. Kuliacha kando ya barabara siku zote hizo si busara. Mbali na wezi wa taa na vioo, ushuru wa maegesho unaokusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hukusubiri kwa namba ya malipo hata kama karatasi yake imepeperushwa na upepo.

Mafuta nashauri yajazwe Dar es Salaam. Bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kawaida huwa juu kidogo huku kwetu kuliko kule. Pima na upepo wa tairi, kwani gari limesimama juani.

Mimi hupita Bagamoyo, na sababu zangu nitazieleza akitokea wa kunipinga. Karibuni tujadiliane.


Mchangiaji wa pili (Moshi, Majengo)

Ametokea, mkuu. Hoja ya boti naiunga mkono yote, ila hiyo ya Bagamoyo siikubali hivi hivi. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane kwa kilomita 19 na ushee, kwa hiyo mateso ya zamani ya Mbezi na Kiluvya yamepungua sana. Mtu anayetoka bandarini Jumapili saa nne asubuhi hupita Ubungo bila shida kubwa, na kabla ya mchana yuko Chalinze. Barabara ya Bagamoyo, kwa upande mwingine, ina ujenzi wa miundombinu ya mabasi yaendayo haraka, na kutoka Mwenge hadi Tegeta unaweza kukaa hadi ukasahau kwamba ulikuwa likizo.


Mleta uzi

Mkuu wa Majengo, nakubaliana nawe kuhusu Tegeta, na kuhusu Kimara umesema kweli. Lakini baada ya Kibaha uko kwenye barabara moja na malori yote yanayoelekea Morogoro, Dodoma, Zambia na Kongo. Kuanzia Mlandizi, kupitia mizani ya Vigwaza, hadi Chalinze, unafuata trela hadi upate nafasi ya kulipita, kisha unalikuta jingine. Njia ya Bagamoyo hadi Msata, ile ya kilomita 64, haina msongamano huo. Unapita Kiwangwa, ambako mananasi yanauzwa kando ya barabara, unatokea Msata, na tayari umeiruka Chalinze. Kwa umbali pia ni fupi kidogo. Kwa hiyo ushauri wangu naurekebisha hivi: mwenye gari upande wa Kimara apite Kibaha, mwenye gari kuanzia Mwenge kwenda juu apite Bagamoyo, na asiwepo wa kukatiza jiji zima kwa ajili ya ubishi wetu.

Wote tutakutana Wami. Na hapo nikumbushe wale ambao hawajapita siku nyingi kwamba lile daraja jembamba la mwaka 1959, ambalo magari yalipita kwa zamu huku mabasi yakishuka mteremko kwa kupiga honi, limeachiwa nafasi na daraja jipya pana tangu mwaka 2022. Sehemu iliyokuwa ikitisha kuliko zote katika njia hii imekuwa ya kawaida kabisa.


Mama wa watatu (Arusha, Sakina)

Kaka mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Nina watoto watatu, na mdogo wao hutapika hata kwenye daladala ya Ngaramtoni. Tunatarajia kwenda Julai wakati wa likizo ya shule, yaani wakati huo huo wa kusi ulioutaja. Je, tukae sehemu gani ya boti? Na je, kuna dawa ambayo sisi wote, pamoja na baba yao ambaye ndiye dereva, tunaweza kumeza kabla ya kupanda?


Mleta uzi

Dada, kuhusu kukaa, tafuteni viti vya chini, katikati au nyuma kidogo. Watu hukimbilia juu na mbele kwa sababu ya kuona mbali, lakini huko ndiko boti inakorushwa zaidi. Mtoto aangalie nje, mbali, mahali bahari inapokutana na mbingu, na asipewe simu ya kuchezea. Chai nzito ya asubuhi yenye maziwa na chapati za mafuta isubiri hadi Dar es Salaam. Kipande cha mkate mkavu kinatosha. Kuhusu dawa nawaachia wataalamu waliomo humu.


Muuguzi (Moshi)

Dada wa Sakina, hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu swali lako limegusa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari zinazouzwa katika maduka yetu, kama promethazini na sinarizini, huleta usingizi. Kwa abiria si tatizo. Huenda hata ikawa nafuu kwa mama mwenye watoto wasumbufu. Kwa dereva ni tatizo kubwa, kwani usingizi wake unaweza kuendelea kwa saa nyingi baada ya kushuka, na wakati huo yeye yuko usukani, Msata au Mkata, katika joto la mchana. Dawa iliyomezwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi inaweza kuwa bado inafanya kazi mchana, na mwenyewe akadhani ni uchovu wa kawaida.

Kwa hiyo baba wa watoto asimeze. Ajaribu tangawizi, iwe ya kutafuna au ya chai isiyo na maziwa, akae chini katikati kama alivyoeleza mleta uzi, na apate hewa. Ikiwa yeye ndiye anayeumwa sana na bahari, basi mwingine mwenye leseni aendeshe nusu ya kwanza ya njia, au walale Dar es Salaam. Kuhusu watoto, dozi hutegemea umri na uzito, na promethazini hairuhusiwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili. Pita kwa mfamasia ukiwa na mtoto mwenyewe, usipime kwa kukisia. Promethazini hunywewa kama nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda, na sinarizini kama saa mbili kabla, si pale mtoto anapoanza kugeuka rangi, kwani wakati huo ataitapika.


Mama wa watatu

Asante sana, dada muuguzi. Baba yao alikwisha kuniambia ninunue vidonge vya familia nzima. Nitamsomea aya hii.


Dereva mstaafu (Moshi, Pasua)

Vijana, nimeiendesha barabara hii kwa maisha yangu yote ya kazi, tangu wakati wa daraja la zamani, na nimefurahi kuona mnaijadili kwa utulivu. Nitasema yangu kuhusu kipande kimoja tu, kati ya Segera na Himo.

Watu wengi hudhani hatari iko karibu na Dar es Salaam kwa sababu ya wingi wa magari. Pale dereva yuko macho, na foleni yenyewe haimruhusu kukimbia. Baada ya Segera magari hupungua, ingawa hapo huongezeka malori ya saruji kutoka Tanga. Unapita Korogwe na mashamba yake ya mkonge, unafika Mombo, na hadi hapo Usambara iko mkono wako wa kulia na hewa bado ina uhai. Mombo ndipo mahali pa kusimama. Mboga na matunda ya Lushoto hushuka hapo, chakula kipo, na watoto wanaweza kukimbia kidogo. Ukitoka hapo unaingia Mkomazi, Hedaru, Makanya hadi Same. Nchi ni tambarare, kavu, joto limekaa ndani ya gari, barabara imenyooka, na milima ya Pare inakwenda nawe mkono wa kulia kama vile hamwendi popote. Aliyelala saa nne usiku wa jana kwa sababu ya Forodhani, akaamka saa kumi na moja kwa ajili ya boti, akala wali Mombo, hapo ndipo macho yanapomfumba. Mimi nilikuwa na kanuni ya kutopita Hedaru bila kushuka na kunawa uso, hata kama abiria wananung'unika.

La pili ni jua. Kwa saa mlizozitaja mtakuwa kati ya Same na Mwanga jioni, na barabara inaelekea kaskazini-magharibi. Jua linaingia kwa mbele upande wa kushoto, chini kabisa, na kioo chenye vumbi na wadudu hugeuka kuwa ukuta mweupe. Ng'ombe wa kurudi nyumbani nao huvuka wakati huo huo. Safisheni kioo Mombo, ndani na nje. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

La tatu ni trafiki. Vibao vya mwendo wa 50 ni vingi kuanzia Msata hadi Himo, kwa sababu vijiji ni vingi, na tochi ya kupimia mwendo huwa mahali ambapo kijiji kinaonekana kama kimekwisha lakini kibao cha kukuruhusu bado. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, inalipwa kwa namba ya kumbukumbu. Msibishane na askari, kwani mnapoteza mwanga wa jua ambao ni ghali kuliko hizo fedha. Hakikisheni bima, kizima moto na pembetatu za kuakisi zipo kabla ya kuondoka nyumbani.


Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la jua nilikuwa nalipata kila safari na sikuwahi kulihusisha na mwelekeo wa barabara. Nitaongeza kipande cha mwisho kwa ajili ya sisi wa Arusha, kwa sababu wenzetu wa Moshi wakishafika kwao hutusahau. Kilomita 80 za Moshi hadi Arusha huonekana kama uani, na hapo ndipo dereva hulegeza mkono. Ukipita Boma Ng'ombe na njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, unaingia Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, ambako watu, baiskeli na bodaboda zisizo na taa ziko barabarani hadi saa tatu usiku. Nafuu huanza Tengeru, barabara inapokuwa ya njia nne hadi Sakina. Ikiwa dereva amechoka Moshi, kulala Moshi si aibu. Kuondoka kesho yake saa kumi na moja alfajiri kunakufikisha kazini kwa wakati.


Mchangiaji wa sita (Arusha, Njiro)

Nasoma haya yote na najiuliza kwa nini mtu ajitese. Kuna ndege kutoka KIA na kutoka uwanja wa Arusha ulioko Kisongo hadi Unguja, na angani ni kama saa moja. Kuna pia treni ya TRC, shirika letu la reli, iliyorudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020. Na kwa nini hamuitaji Tanga, ambayo ni karibu zaidi?


Mleta uzi

Mkuu, kwa mtu mmoja au wawili, ndege ijadiliwe, hasa ukikata tiketi mapema. Kwa familia ya watu watano, nauli zao zikijumlishwa na kulinganishwa na mafuta ya gari moja pamoja na tiketi za boti, mjadala huisha haraka. Treni naipenda, na mwenye likizo ndefu aipande ili aone Ruvu na Korogwe kwa utulivu, lakini haiondoki kila siku na hutembea usiku kucha, kwa hiyo kuioanisha na boti ya Jumapili na kazi ya Jumatatu ni kubahatisha. Reli ya kisasa iliyoanza mwaka 2024 inakwenda Morogoro na Dodoma. Sisi wa kaskazini bado hatumo.

Tanga ni hoja nzuri kuliko zote ulizozitoa. Kutoka Segera hadi Tanga mjini ni kama kilomita 70 tu, na mtu wa Moshi hana haja ya kuigusa Wami wala foleni ya Dar es Salaam. Shida ni kwamba vyombo vya kutoka Tanga huelekea zaidi Pemba, na kwa siku maalumu, kwa hiyo wikendi yako italazimika kuifuata ratiba yao. Anayetaka Pemba yenyewe, na ana siku ya ziada, apite huko bila kusita.


Mchangiaji wa saba (Moshi, Shanty Town)

Naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mtu anaweza kuvuka na gari lake? La pili, mama yangu ameagiza karafuu na viungo, na nimesikia karafuu zinaleta matatizo bandarini.


Mleta uzi

Boti za kasi hazibebi magari. Ziko meli kubwa zinazobeba magari na mizigo, lakini huenda polepole zaidi, na gari la bara likiwa Unguja lina taratibu zake za vibali na bima. Kwa wikendi moja haina faida. Daladala za Unguja ni nyingi, na ile ya namba 116 inakupeleka Nungwi kwa fedha ndogo.

Kuhusu karafuu, Zanzibar ina sheria yake, na zao hilo hununuliwa kwa mkulima na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ili kuzuia magendo. Pakiti za dukani za pilau na chai, ukiwa na risiti, hazina shida. Ukianza kubeba gunia, hilo ni suala jingine, na mama hakuagiza gunia. Mdalasini, iliki na pilipili manga beba kwa amani. Halua ya Wete iwekwe chini ya kiti, mbali na jua la Hedaru. Pia usifunge vitu kwenye mifuko ya plastiki, kwani huku bara mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019.


Mchangiaji wa pili (Moshi, Majengo)

Mzee wa Pasua, swali la mwisho kwako. Ikitokea dereva ni mmoja tu, na boti ya asubuhi imechelewa kuondoka kwa sababu ya bahari, tukashuka Dar es Salaam saa saba mchana. Tuendelee au tulale? Na kama ni kulala, ni wapi?


Dereva mstaafu

Mkishuka saa saba, mtatoka mjini saa nane au tisa, na Segera itakuwa saa moja au saa mbili usiku. Laleni Korogwe. Msiseme mtafika Mombo, kwa sababu mkifika Mombo mtasema Same, na mkifika Same mtasema nyumbani ni hapo tu. Korogwe nyumba za wageni zipo nyingi na bei zake zinavumilika, na gari liingizwe ndani ya geti. Amkeni saa kumi alfajiri. Kipande cha Hedaru mtakipita kukiwa na ubaridi, jua likiwa nyuma yenu, na kabla ya saa nne mtakuwa Moshi. Mwajiri apigiwe simu Jumapili hiyo hiyo jioni, si Jumatatu saa mbili.